Kaimu kwa Miaka Kumi na Minne

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, anastaafu fundi mitambo wa Karakana ya Pampu ambaye nusu ya wafanyakazi wa mamlaka yetu ya maji hawalijui jina lake. Wanamwita Mama Kaimu. Walinzi wa getini wanamwita hivyo, madereva wanamwita hivyo, na mkurugenzi naye alimwita hivyo siku moja mbele ya kikao, na hakuna aliyeshtuka.

Kwa wageni walioalikwa leo na wasioyajua mambo yetu, nieleze kidogo. Kaimu ni mtu anayeshikilia nafasi wakati mwenye nafasi anatafutwa. Mama yetu aliombwa awe Kaimu Mkuu wa Karakana kwa miezi mitatu, naye, ukiacha miezi michache, amekuwa Kaimu kwa miaka kumi na minne. Kwa muda wote huo swali lililozunguka karakanani, chai ikinywewa na boliti zikikazwa, lilikuwa moja tu: lile neno litaondoka kabla hajaondoka mwenyewe? Hata pensheni yake inategemea jibu hilo, maana mtu hulipwa uzeeni kwa cheo alichoandikiwa, hata kama kazi aliyoifanya ilikuwa ya cheo kingine.

Nimepewa kuandika wasifu huu kwa sababu mimi ndiye msaidizi wake, na ni mwanamke wa pili kuajiriwa katika karakana hii. Kamati ya sherehe imenishauri niandike mambo mepesi. Yapo, na nitaanza nayo.

Alikuja na cheti cha ufundi mitambo, barua ya ajira na viatu vipya. Msimamizi wa wakati ule, aliyejulikana kama Mzee Spana, aliisoma barua, kisha akachungulia nyuma yake aone fundi mwenyewe yuko wapi. Alipoambiwa fundi ndiye huyu, akamwelekeza ofisi kuu kwa makarani. Makarani wakamrudisha karakanani. Aliuvuka uwanja ule wa vumbi huku na huku mpaka viatu vikazeeka asubuhi moja. Mwishowe Mzee Spana akampa ufagio. Akafagia. Akampa vikombe. Akaviosha. Alipomletea na pazia la ofisi alifue, dada yule akamwambia kwa adabu zote, "Mzee, kazi za nyumbani nimezimaliza kwangu kabla sijatoka. Hapa nimefuata za hapa." Mzee Spana hakuwa mtu mbaya, ila hakuwa amewahi kuambiwa. Alicheka, akampa spana, na mpaka anastaafu alikuwa akiisimulia hadithi hiyo mwenyewe, kila mara akijifanya mwerevu zaidi kidogo.

Ovaroli ilikuwa mtihani wa pili. Ghala lilikuwa na vipimo vitatu, vyote vya mwanaume mrefu asiye na nyonga. Alichopewa kilipita mabegani kikakwama kwingine. Kwa bahati mume wake ni fundi cherehani, huyu shemeji yetu aliyekaa pale mbele na tai ya bluu. Alizifumua ovaroli pembeni, akaongeza kitambaa, akarudisha. Alipopata mimba ya kwanza shemeji akaongeza kipande kikubwa mbele, na kwa kuwa hakupata kitambaa cha bluu akatumia cha kaki. Wenzake walikuwa wakimwona akitokea mbali, tumbo likitangulia kama gari la msafara. Afisa mmoja akamwandikia barua kwamba sare ya mamlaka hairuhusiwi kubadilishwa. Alijibu kwa mstari mmoja kwamba yuko tayari kuivaa isiyobadilishwa pindi watakapomwonyesha pa kuliweka tumbo.

Wanaume wa karakana hawakumwacha shemeji salama. Walimuuliza nyumbani kwake suruali anavaa nani. Akawajibu, "Anavaa yeye, lakini nashona mimi. Siku nikigoma tutajua nani mkubwa." Tangu hapo wakaanza kumpelekea suruali zao azipunguze, na wengine mpaka leo wanadaiwa chai.

Aliyepata shida kuizoea kazi hii alikuwa mama mkwe. Bibi yule ndiye aliyelea watoto, lakini majirani aliwaambia mkwe wake anafanya kazi ya maji upande wa ofisi. Ovaroli zilianikwa ndani, nyuma ya mlango wa jiko. Siku moja pampu ya mtaa wao iliharibika, lori la mamlaka likaingia, na aliyeshuka upande wa mbele na kuanza kuwapanga wanaume huku na kule alikuwa mkwe mwenyewe, kapakaa grisi hadi kwenye nyusi. Majirani wakamgeukia bibi. Bibi akasimama kidogo, akatafuta pa kuuficha uso asipate, kisha akasema, "Ndiye. Mlidhani maji yanakuja yenyewe?" Kesho yake ovaroli zilianikwa kamba ya mbele. Bibi huyo ametangulia mbele ya haki, na Mama Kaimu kila akipongezwa humtaja. Mwanamke ukimkuta kazini alfajiri, ujue yuko mwanamke mwingine aliyebaki na watoto.

Sasa choo, maana najua mnakisubiri.

Karakana ilikuwa na choo kimoja, nacho kilikuwa cha wanaume kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaza vinginevyo. Cha wanawake kilikuwa ofisi kuu, ng'ambo ya uwanja, na ile nenda rudi ilimletea onyo la kupotea kazini. Aliomba kijengwe kingine. Akaambiwa bajeti. Mwaka uliofuata akaomba tena, akaambiwa bajeti ileile. Seremala wetu akamwonea huruma, akamtengenezea kibao cha pande mbili cha kuning'iniza mlangoni: upande mmoja YUPO MAMA, upande wa pili KARIBUNI. Utaratibu ukawa huo, na wanaume wakauheshimu, tena kupita kiasi.

Ijumaa moja aliondoka kazini akasahau kukigeuza kibao. Jumatatu akatoka nyumbani moja kwa moja hadi kituo cha pampu cha mbali kwenye matengenezo. Wanaume walipofika karakanani wakakuta YUPO MAMA. Wakasubiri. Wakarudi tena, yupo. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kubisha, na hakuna aliyethubutu kuuliza mama anaumwa nini. Kufikia saa tano foleni ya kuvuka uwanja kwenda ofisi kuu ilikuwa ndefu hata makarani wakadhani kuna mgomo. Mzee Spana mwenyewe alivuka, tena akikimbia na umri wake. Jioni ndipo mmoja aliposema kwa sauti kwamba pengine mama amezimia. Wakasukuma mlango, wakakuta ndoo na ufagio.

Wiki iliyofuata matofali yalishushwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwanamke aliomba kwa miaka akaambiwa bajeti. Wanaume walibanwa siku moja na bajeti ikapatikana. Yeye huisimulia akicheka, nami hucheka naye, halafu nikifika nyumbani hasira hunipanda.

Alipanda ngazi za ufundi moja baada ya nyingine hadi fundi daraja la kwanza, na hapo ndipo ngazi ilipoishia. Mkuu wa karakana aliyemfuata Mzee Spana alipohamishwa, afisa utumishi wa wakati ule alimwita akamwambia, "Tushikie kwa miezi mitatu, mama, wakati tunatafuta mtu." Akauliza, "Na mimi ni nani?" Afisa alidhani ni mzaha. Alicheka, akampa funguo.

Wakuu waliotangulia walikuwa na kibati cha jina mlangoni, kimechongwa kwa mashine na kupigiliwa misumari. Yeye, kwa kuwa ni wa muda, aliandikiwa kwenye boksi la katoni kwa kalamu ya wino mzito. Katoni kwenye karakana ya pampu, mahali ambapo hata kuta hutoa jasho. Kila masika ilivimba, na kila baada ya masika karani yuleyule alikuja na katoni nyingine na kalamu yake. Mwishowe alichoka, akaivisha mfuko wa nailoni. Alisema anafanya hivyo ili idumu, kisha akakisikia alichokisema, akaondoka haraka.

Kwenye vikao vya wakuu wa idara aliingia kama mwalikwa. Kikao cha kwanza mwenyekiti alimwomba aandike kumbukumbu, kwa sababu, alisema, akina mama wana mwandiko mzuri. Hakubisha. Aliandika. Kumbukumbu zilipogawiwa, maelezo yake kuhusu hali ya pampu yalichukua kurasa mbili na nusu, na michango ya wakuu wengine wote ilikuwa mstari mmoja: "Wajumbe wengine nao walizungumza." Kikao cha pili kilikuwa na katibu.

Ukitaka kazi zake, ziko nyingi na zinatiririka. Mwaka ule mto ulipofurika na kuingia chumba cha pampu cha bondeni, ndiye aliyeongoza kuzitoa mota zote, kuzikausha karakanani kwa feni zilizoazimwa kutoka kila ofisi, na kuzirudisha. Mji ulipata maji kabla watu hawajaanza kupigana visimani. Gazeti lilitoa picha ya mkurugenzi wa wakati huo amesimama kando ya pampu, ametabasamu. Pembeni ya picha unaonekana mkono umeshika tochi. Mkono ule ni wake. Watoto wake waliikata picha ile, na mtoto wa mwisho, alipoulizwa shuleni mama yake ni nani, aliipeleka na kuuonyesha mkono.

Amefundisha mafundi wengi waliotapakaa leo kwenye vituo vyetu vyote. Wanne kati yao ni wanawake. Ghala sasa lina ovaroli za mikato miwili, ya kiume na ya kike, na fundi mwenye mtoto mchanga ana chumba chenye kiti na mlango unaofungwa. Hakuna hata kimoja kilichokuja kwa hisani. Kila kimoja alikigombania mpaka watu wakawa wanakwepa kupita ofisini kwake wakimwona ameshika karatasi.

Nafasi ya Mkuu wa Karakana ilitangazwa mara tatu katika miaka hiyo, na mara zote tatu aliomba.

Mara ya kwanza aliulizwa kwenye usaili kwamba akipigiwa simu ya dharura usiku mume wake atasema nini. Alijibu, "Atasema nichukue koti." Wanajopo walicheka sana, wakampa nafasi mwanaume kutoka nje. Bwana yule alikuwa muungwana. Alikaa kwa miezi kadhaa, akaona kila anachotaka kuamua kimeshaamuliwa vizuri, akaandika barua ya kuacha kazi akisema wazi kwamba hii nafasi ina mwenyewe. Ofisi ilimshukuru. Kisha ikamwita mama, ikampa tena funguo na katoni mpya.

Mara ya pili aliambiwa kwa upole, pembeni, kwamba jopo limemkubali lakini linahofia wanaume wa karakana hawatakubali kuamrishwa na mwanamke. Wakati huo alikuwa amewaamrisha miaka sita. Habari ikawafikia wanaume wenyewe wakati wa chai. Sijawahi kuona watu wakikasirika kwa utulivu namna ile. Fundi wa kuchomea vyuma, mtu ambaye huwa haongei mpaka aguswe, aliweka kikombe chini akasema, "Kumbe sisi ndio tuliokataa. Na hakuna aliyetuuliza." Wakaondoka wote na ovaroli zao zenye oili, wakavuka uwanja, wakaingia ofisi kuu na kukaa kwenye makochi ya wageni. Waliposimama makochi yalikuwa yamebadilika rangi. Fundi wa kuchomea alisema kwa niaba yao kwamba wanamtaka mama, na kwamba wengine wao nyumbani wanaamrishwa na wanawake tangu wazaliwe na hawajafa. Ofisi ikasema imepokea. Ahadi ni deni, lakini kupokea si ahadi, na mambo yakabaki palepale.

Nisije nikamfanya malaika, maana atanikasirikia. Ni mkali. Ana sauti ya kupita juu ya pampu inayounguruma na huitumia hata pampu ikiwa imezimwa. Kusifu ni kazi ngumu kwake, ukifanya vizuri sana husema "haya." Na kwa sisi wanawake alikuwa mkali maradufu. Miaka yangu ya kwanza nilimchukia, nalisema hapa hadharani kwa sababu analijua. Mvulana akikosea alimwelekeza. Mimi nikikosea alinifanya nifungue mashine nzima na kuanza upya, wenzangu wakiwa wameshanawa mikono. Siku nilipomuuliza kwa machozi nimemkosea nini, alinijibu akiendelea kufuta spana, "Wao wakikosea, watu watasema fulani kakosea. Wewe ukikosea watasema wanawake hawawezi. Sasa utachagua wewe." Sikulipenda jibu lile. Bado silipendi, maana si haki mtu mmoja kubebeshwa jinsia nzima kwenye kila boliti. Lakini sijawahi kumpata wa kunionyesha kwamba alidanganya.

Mara ya tatu nafasi ilitangazwa mwaka jana. Safari hii hapakuwa na swali la mume wala la wanaume. Alisifiwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisha akaambiwa kwamba amebakiza muda mfupi kustaafu, na si busara kumthibitisha mtu anayeondoka. Mwanzoni ilikuwa bado mapema, mwishoni akawa amechelewa, na katikati hapakuwa na siku iliyomfaa.

Mwezi huohuo majirani zetu wa karakana ya magari walimpoteza mkuu wao kwa uhamisho. Msaidizi wake, mwanaume, aliandikiwa ukuu kamili wiki ileile, bila kukaimu hata siku moja. Ni fundi mzuri, ni rafiki yetu, na leo ndiye aliyeleta spika za muziki. Hana kosa lolote. Nasimulia tu kilichotokea.

Siku habari hiyo ilipotufikia nilimkuta mama ghalani, ameketi juu ya sanduku la vipuri, mikono mapajani. Nilidhani anatafuta kitu. Akaniambia, "Nimechoka, mwanangu. Na si kazi iliyonichosha." Nilikaa kando yake. Baadaye dereva alikuja kuuliza pampu ya kituo cha juu inatoka lini, mama akainuka akaenda kumjibu kwa ile sauti yake.

Hapa ndipo nilipotakiwa kumaliza kwa shukrani, lakini kuna mambo mawili yametokea wiki hii, na wasifu usiokuwa nayo utakuwa na tundu.

La kwanza ni jalada la kijitabu hiki mlichoshika. Kamati ya sherehe, kwa moyo mwema kabisa, ilikuwa imeandika kwa herufi za dhahabu: MKUU WA KARAKANA MSTAAFU. Bango nalo liliandikwa hivyohivyo. Ilikuwa iwe zawadi ya kushtukiza. Mama aliletewa nakala ya kwanza aangalie tahajia. Akavaa miwani, akasoma, akashukuru, akaomba wamrudishie neno lake. Kamati ikashangaa, mmoja wao akamwambia kwamba hii ni heshima tu, haimgharimu mtu. Akasema, "Ndiyo maana siitaki. Mkiniandika Mkuu leo, kesho mtu atasoma aseme huyu mama alikuwa Mkuu, mbona mnalalamika? Niandikeni kilichokuwa." Wamemwandika kilichokuwa. Mkiona dhahabu ya neno KAIMU imekolea kuliko ya maneno mengine, ni kwa sababu ilipakwa jana.

La pili linanihusu mimi. Jumatatu niliitwa ofisi kuu. Afisa utumishi wa sasa, dada mwenye heshima zake ambaye hakuyaanzisha haya, alinieleza kwamba menejimenti ina imani kubwa nami. Akaniomba niishikilie karakana kama Kaimu, kwa miezi mitatu, wakati wanatafuta mtu. Maneno yalikuwa yaleyale. Nadhani yameandikwa mahali na kila afisa huyakuta kwenye meza. Nilimshukuru. Nikamwambia niko tayari kuwa Mkuu kuanzia Jumatatu ijayo, na kama si hivyo niko tayari kuendelea kuwa fundi chini ya Mkuu yeyote watakayemleta. Kukaimu sitakaimu. Akaniuliza kama najua kwamba hivyo naweza kuikosa nafasi kabisa. Nilimwambia najua. Niliogopa, na ninaandika hivi ili asije mtu akadhani mimi ni shujaa.

Nilipovuka uwanja kurudi nilijua nitagombezwa, na nikagombezwa kweli. Mama aliniuliza nani sasa ataangalia pampu. Akaniambia nimechezea riziki ya watoto wangu. Akaniambia mtoto wa nyoka ni nyoka na kwamba haya nimeyatoa kwake, na hapo akawa amejichanganya mwenyewe, kwa sababu alikuwa ameanza kutabasamu. Nikamwambia pampu tutaziangalia sisi mafundi, kama tunavyoziangalia siku zote. Wenzangu karakanani nimeshawauliza, na wamesema mwingine yeyote akiitwa kukaimu atajibu kama nilivyojibu. Fundi wa kuchomea amesema makochi ya ofisi kuu anayakumbuka yalipo.

Mama alivua miwani akaifuta kwa pindo la ovaroli, ikazidi kuchafuka. Kisha akasema polepole, "Mimi waliponiita, sikujua kwamba mtu anaweza kusema hapana."

Nimeishi na sentensi hiyo wiki nzima. Huyu ni mwanamke aliyemjibu Mzee Spana siku yake ya kwanza, aliyewafanya wanaume wavuke uwanja wakikimbia, aliyeandika kumbukumbu kwa namna yake. Hata yeye, ilipokuja ile ahadi tamu ya miezi mitatu, alidhani akikataa atakuwa amewaharibia wanawake wote watakaokuja nyuma. Akakubali kwa ajili yetu. Ameshikilia kwa ajili yetu. Sasa nimekataa kwa ajili yake, na sina hakika ni nani kati yetu aliyebeba kizito zaidi.

Mheshimiwa mkurugenzi ni mgeni wetu rasmi leo na ameshika kijitabu kama sisi wengine. Akifika ukurasa huu, aone tu kwamba karakana haina Mkuu kuanzia Jumatatu, na haina Kaimu pia. Barua ya kumthibitisha mama kwa miaka aliyoifanya kazi bado inaweza kuandikwa, maana mwajiriwa ni mwajiriwa mpaka jioni ya Ijumaa. Sisi tutakuwa karakanani tukifanya kazi. Maji yatatoka.

Tunamshukuru shemeji kwa cherehani na kwa koti. Tunawashukuru watoto waliokua wakiujua mkono wa mama yao. Na wewe mwenyewe, dada kwa wazee, mama kwetu sisi, tunakushukuru kwa kila "haya" uliyotupa, hata zile zilizochelewa.

Nenda ukapumzike. Umekaa miaka kumi na minne ukimshikia nafasi mtu ambaye hakuwahi kuja akakaa. Siku zilizobaki usimshikie yeyote. Tunakutakia uziishi vyema, mama, kwa jina lako na kwa cheo kamili.